Bakuli Chini ya Birika

Nyumba ya bibi yangu ilikuwa Mkomani, Lamu mjini, na katika choo cha chini mlikuwa na birika. Lilijengwa kwa mawe na chokaa, na nilipokuwa na miaka minane ukingo wake ulinifika kifuani. Chini kabisa, fundi aliyelijenga alizamisha bakuli la kaure, jeupe lenye nakshi za samawati, mdomo wake ukawa sawa na sakafu ya birika. Mlikuwa na visamaki vitatu humo, vya kula viluwiluwi vya mbu. Siku ambazo maji yalishuka hadi sakafu ikaonekana, visamaki vilikimbilia ndani ya bakuli, vikazunguka humo mpaka birika lijazwe tena.

Watoto tulioga kwa kata, ile ya kifuu yenye mpini mrefu. Kata ikikwaruza sakafu, bibi aliisikia hata akiwa juu kwenye kidari cha meko, jikoni. "Basi! Yaliyobaki ni ya samaki." Hakuna aliyebishana naye. Mwenye sabuni kichwani alijipangusa kwa kanga akatoka, na sote tulingoja punda waje na maji.

Nimelikumbuka bakuli lile mara nyingi tangu mwaka 2021, mwaka nilioharibu kisima cha nyumbani kwetu kwa mikono yangu mwenyewe.

Kwetu ni Shela, mwendo wa kama dakika arobaini kwa miguu kutoka Lamu mjini ukifuata ufuo. Nyuma ya mji wetu kuna vilima vya mchanga vinavyoandamana na bahari kwa kilomita kama 12. Wageni huvipanda jioni kupiga picha jua likitua. Sisi tunavinywa. Maji ya mifereji ya Lamu mjini hutoka kwenye visima vilivyochimbwa huko mchangani, na kisima chetu cha uani kinachota kwenye maji yale yale. Tangu kilipochimbwa kilijua ndoo na kamba tu, na watu wa mtaa mzima walikuja kuteka pale kwa ajili ya chai, kwa kuwa maji yake yalisifiwa utamu.

Mwaka ule tuliongeza vyumba vitatu vya wageni juu ya nyumba. Kisiwa kilikuwa kinapata pumzi baada ya korona, bandari mpya ya Lamu upande wa bara ilikuwa imefungua gati lake la kwanza mwezi Mei, na kila mwenye ukuta alifikiria kuongeza ghorofa. Vyumba vitatu vilitaka bafu tatu. Ndoo na kamba zisingetosha. Nikanunua pampu ya umeme Mombasa, fundi akaifunga, tangi la plastiki la lita 2,000 likapandishwa juu ya paa. Ami yangu alipita siku ya pili, akasimama uani akisikiliza mngurumo.

"Inavuta kiasi gani?" akauliza.

"Inajaza tangi kwa chini ya saa moja, ami."

"Sikuuliza tangi. Nimeuliza kisima."

Sikuwa na jibu, na kwa kweli siku ile sikuelewa hata anauliza nini. Nilidhani kisima ni shimo lenye maji, ukiyatoa mengine yanaingia.

Vuli ya mwaka 2021 ilipita bila mvua ya kutajwa. Masika yaliyofuata yalikuwa hafifu. Wageni walikuja, wakaoga, wakaoga tena wakirudi kutoka ufuoni, nami sikuwalaumu kwa sababu wamelipa na mimi ndiye niliyewafungulia bomba. Siku moja ya Agosti 2022 mama alionja chai, akaweka kikombe chini polepole, akasema, "Haya si mai, ni munyu." Baada ya wiki sabuni ikawa haitoi povu. Mrehani aliokuwa ameupanda kando ya kisima ukaanza kuungua ncha za majani, kahawia, kama umepitishwa juu ya moto. Watu wa mtaa waliokuwa wakija na mitungi yao walikuja, wakaonja, wakatuaga kwa adabu, wakaenda kwingine. Hilo la majirani ndilo lililoniuma zaidi.

Nimetumia muda mwingi tangu hapo kuuliza na kusoma ilikuwaje, na nataka nieleze hapa kwa sababu naona watu wa Shela, Lamu, hata Malindi wanafunga pampu kama nilivyofunga mimi, kwa nia njema kama niliyokuwa nayo.

Chini ya mchanga wetu hakuna tangi wala pango. Mvua ikinyesha juu ya vilima huzama moja kwa moja, hata mfereji haufanyi, kwa kuwa mchanga unakunywa kila tone. Chini zaidi, ardhi ya kisiwa imeloa maji ya bahari yaliyopenya kutoka pande zote. Maji ya mvua hayazami ndani ya yale ya bahari, kwa sababu lita moja ya maji matamu ina uzito wa kilo moja, na lita ya maji ya bahari ina kilo 1.025 hivi. Tofauti ni ndogo mno, lakini inatosha. Maji matamu yanaelea juu ya maji ya chumvi kama dau lililojaa shehena: sehemu iliyo juu ya bahari ni ndogo, iliyozama ndiyo kubwa.

Mholanzi mmoja, Badon Ghyben, na Mjerumani, Herzberg, kila mmoja kwa wakati wake, walipiga hesabu ya jambo hili zaidi ya miaka mia moja iliyopita. Kila mita moja ya maji matamu iliyosimama juu ya usawa wa bahari inabebwa na karibu mita 40 za maji matamu chini ya usawa huo. Mchanga wa kweli haufuati daftari sawasawa, na kati ya maji haya mawili kuna tabaka la maji mchanganyiko. Lakini geuza hesabu hiyo uitazame kwa upande wa mtekaji. Ukishusha maji kwa sentimita moja huku juu, unaialika chumvi ipande sentimita 40 kutoka kule chini.

Pampu yangu haikuwa inamaliza maji ya kisiwa. Ilikuwa inayavuta kwa nguvu mahali pamoja kwa muda mfupi. Maji ya kisimani yakibonyea ghafla vile, chumvi iliyo chini yake huinuka kama kichuguu, ncha yake ikielekea mdomo wa pampu. Kiasi kile kile cha maji kikitekwa kwa ndoo kuanzia alfajiri hadi magharibi, au kikigawanywa katika visima vitatu, kichuguu hicho pengine kisingefika juu. Na kikishafika hakishuki kwa kuzima swichi. Chumvi hupanda kwa wiki chache na hushuka kwa misimu ya mvua. Ami yangu, ambaye hajawahi kusikia jina la Herzberg, alilijua hilo kwa kuishi karibu na visima, na swali lake la uani ndilo ambalo ningependa kila mtu mwenye mamlaka juu ya maji ya kaunti hii aulizwe kila mwezi.

Kwa sababu vilima vya Shela ni bwawa. Hatuviiti hivyo kwa kuwa hatuoni ukuta wa zege wala ziwa nyuma yake, na nadhani kutoviita hivyo ndiko kunakotuponza. Nairobi ina bwawa la Ndakaini kule Murang'a, lililokamilika mwaka 1994, lenye uwezo wa kushika mita za ujazo milioni 70. Maji yake yakishuka, magazeti huandika limebaki asilimia ngapi. Mgao wa maji ulipoanza Nairobi Januari 2017, watu walinung'unika, lakini picha za kingo za Ndakaini zilizokauka ziliwaonyesha sababu. Cape Town mwaka 2018 walifika pabaya zaidi: bwawa lao kubwa la Theewaterskloof lilishuka hadi karibu sehemu moja ya kumi ya ujazo wake, na kuanzia Februari kila mtu aliambiwa atumie lita 50 kwa siku, kunywa, kuoga, kufua, choo, vyote humo. Kwa wiki na wiki wakazi walifuatilia viwango vya mabwawa yao kama sisi tunavyofuatilia mwezi wa Ramadhani, na mji ukapenya hadi mvua zikarudi.

Bwawa la kawaida lina mstari ambao maji yakishuka chini yake hayatolewi, na lina kanuni inayosema yakifika hapa mwezi huu tupunguze kiasi hiki. Wahandisi wana istilahi zao. Mimi naliona bakuli la kaure na kulisikia kwaruzo la kata.

Vilima vyetu vimebaki asilimia ngapi? Sijawahi kusikia ikitangazwa redioni, wala kuiona imebandikwa kwenye mbao za matangazo, wala kusikia mtu akiijua barazani, na barazani Lamu hujulikana kila kitu. Tunachohesabu ni maji yaliyotoka: mita ya nyumba, bili, saa za mgao. Bandari imekuja, hoteli zinakuja, watu wanaongezeka. Sensa ya 2009 ilituhesabu watu 101,539 katika kaunti nzima, ile ya 2019 ikatukuta 143,920. Mtu akiniambia tutachimba visima zaidi mchangani, nauliza kama ami.

Na mvua yenyewe si ile. Kuanzia vuli ya 2020 hadi vuli ya 2022, misimu mitano mfululizo ilikosa mvua katika Pembe ya Afrika na sehemu kubwa ya Kenya, jambo ambalo halikuwa limeonekana kwa miaka 40 na zaidi. Serikali ilitangaza ukame kuwa janga la kitaifa Septemba 2021, mwezi uleule niliokuwa nashangilia pampu. Wanasayansi waliochunguza ukame huo walisema mwaka 2023 kwamba mabadiliko ya tabianchi yaliyosababishwa na binadamu yaliufanya uwezekane mara 100 hivi zaidi. Sababu mojawapo ni joto: hata mvua ikinyesha, hewa iliyopata moto inainyang'anya ardhi maji kabla hayajazama. Kisha mwishoni mwa 2023 zikaja El Niño na Bahari ya Hindi iliyopata joto upande wetu, mvua ikamwagika kwa pamoja, mto Tana ukafurika na barabara ya Lamu–Garsen ikakatika. Miaka miwili mbingu zimefungwa, halafu ndani ya wiki chache zinafunguka zote.

Hapo mchanga unafanya kazi ambayo bwawa la kawaida linahangaika nayo. Bwawa likijazwa ghafla hulazimika kuachia maji yaende, na mafuriko hulijaza tope. Jua nalo, kwenye pwani kama yetu, hunyonya zaidi ya mita nzima ya maji kila mwaka kutoka kwenye ziwa lililo wazi. Litazame Ziwa Kenyatta kule Mpeketoni, maji matamu waliyotegemea walowezi tangu miaka ya 1970, jinsi lilivyonywea katika miaka ya ukame, viboko wakibaki kwenye matope. Mchanga wa Shela unapokea mvua kubwa ya siku tatu, unaificha mbali na jua, unaichuja, unaitoa taratibu. Sehemu huvuja baharini daima. Maji yakipwa, watoto wa Shela hufukua kwa mikono chini ya kilima na kupata maji yasiyo na ukali wa bahari. Kwa hiyo hata hesabu ya "mvua iliyoingia ndiyo tutakayoteka" ni hesabu mbaya. Uvujaji ule ndio unaoisukuma bahari nje. Tukiuteka wote, bahari inaingia. Na bahari yenyewe imepanda duniani kwa karibu sentimita 20 tangu mwanzo wa karne iliyopita, inaendelea kupanda.

Kwa hiyo naumia ninapoona vigingi vya viwanja vikipanda kilimani, na punda wakishuka na magunia ya mchanga wa kujengea. Watu huzungumzia vilima kwa uzuri wake au kwa bei ya kiwanja. Ukiezeka na kusakafia mahali ambapo mvua ilikuwa inazama, unaifungia mlango. Ukichimba shimo la choo juu ya kisima cha mji, mchanga hauna ubishi: unapitisha kila unachoupa. Nimewahi kwenda ofisi moja kuuliza kuhusu ukuta uliojengwa karibu na visima. Niliambiwa faili imepelekwa pengine. Nilikwenda mara tatu. Ukuta uko pale hadi leo.

Upande wa pili wa mlango wa bahari, kisiwani Manda, kuna magofu ya Takwa. Unaingia kwa mashua kupitia mikoko maji yakijaa. Msikiti bado umesimama na mhimili wake, na nje kuna kaburi la mnara lenye maandishi ya mwaka 1094 Hijria, yaani 1683. Muda si mrefu baada ya hapo mji ulihamwa. Wanaakiolojia hutaja maji kuingia chumvi kuwa moja ya sababu, na sisi watu wa Shela tunasimuliwa kwamba wazee wetu ndio hao waliovuka kutoka huko. Mpaka leo wazee wa Shela huvuka kwenda Takwa kuomba mvua penye kaburi lile. Nilikwenda nao nilipokuwa kijana na niliona ni safari ya kwenda kumkumbuka marehemu. Nilipokwenda tena 2022, kisima chetu kikiwa chungu, nilisimama nikatazama kisima cha msikiti wa Takwa, nikashindwa kuitikia dua kwa sauti.

Visiwa vya kaskazini havina vilima kama vyetu. Kiwayu, Ndau na kwingineko watu hutegemea jabia: sakafu pana ya saruji yenye mteremko, inakinga mvua na kuipeleka kwenye tangi lililofunikwa. Nilipita Ndau Februari ya mwaka uleule. Mzee aliyenikaribisha alinipeleka kwenye jabia, akafungua kifuniko, akadondosha jiwe. Lilitoa mlio wa jiwe kugonga saruji. Wanawake walikuwa wamekaa ufuoni na mitungi wakingoja boti ya maji. Lakini wale watu, tofauti na mimi, walikuwa wanajua tangu Novemba kwamba hawatafika masika. Walikuwa wamepima kwa kijiti kila Ijumaa na wakapunguza mitungi kwa kila nyumba, kutoka minne hadi miwili hadi mmoja. Waliishiwa, lakini hawakushtukizwa.

Kuna wanaosema suluhisho ni mitambo ya kuondoa chumvi kwenye maji ya bahari, na kwa visiwa visivyo na mchanga wa kuhifadhi maji naunga mkono kabisa. Mtu hawezi kuambiwa angoje mawingu. Ila mtambo wa aina hiyo hula umeme wa kama uniti tatu hadi nne kwa kila mita moja ya ujazo, unataka vichujio vibadilishwe, na unataka fundi. Vilima vya Shela vinafanya kazi hiyohiyo bila waya. Kuviacha viharibike kisha kununua mtambo wa kufanya kazi yake ni jambo ambalo siwezi kulielewa hata nikielezwa mara ngapi.

Pampu niliing'oa Septemba 2022. Tukajenga tangi la kukinga mvua ya paa, ambalo kwa bafu za wageni linatosha miezi mingi ya mwaka, na miezi ambayo halitoshi tunafunga chumba kimoja au viwili. Kisima kikarudi kwenye ndoo. Masika ya 2023 yalikileta nusu ya njia. Baada ya mvua za mwisho wa mwaka ule na masika ya 2024, mama aliteka ndoo mwenyewe, akachemsha chai, akanywa kikombe kizima bila kusema neno, akaomba cha pili.

Wazo la kile kijiti cha Ndau lilikuwa bado kichwani mwangu. Kisima ni kirefu, kwa hiyo nilichukua kamba, nikafunga jiwe mwisho wake, nikapiga fundo kila shibiri moja kuanzia kwenye jiwe. Kamba inashushwa hadi jiwe liguse chini, inapandishwa, na tunahesabu mafundo yaliyolowa. Tunapima Ijumaa baada ya Swala ya Alfajiri, kabla ya mtu kuteka, na wiki ya bamvua, yaani maji makuu ya bahari, tunaandika pembeni kuwa ni bamvua, kwani kisima kilicho karibu na bahari husogea kidogo pamoja nayo. Namba inaandikwa kwa chaki kwenye ukuta wa kisima, pamoja na tarehe, na mama anaonja na kuandika "tamu" au "yaanza". Yakibaki mafundo matatu, hakuna kufua hapo. Yakibaki mawili, ni maji ya kunywa tu.

Nyumba mbili za jirani zimepiga mafundo yao pia. Ami anataka kila msikiti wenye kisima upimwe siku hiyohiyo na namba zisomwe pamoja, ili tujue mji mzima umesimama wapi. Ameshazungumza na wazee wa misikiti miwili, mmoja amekubali, wa pili anafikiri. Tumeandika barua pia kuomba vile visima vya kilimani vipimwe hivyo hivyo na namba ibandikwe sokoni Lamu. Bado hatujajibiwa.

Ijumaa iliyopita aliyeshusha kamba alikuwa binti wa dada yangu, ana miaka tisa. Aliinama juu ya ukingo mpaka nikamshika gauni. Akaipandisha akihesabu kwa sauti, akafika fundo la tano, akalibana kwa vidole viwili, akalisogeza shavuni kuhakikisha.

"Hili limelowa au ni umande?" akaniuliza.

Tukashusha tena.